Namna ya kuisikia lahaja ya Hijazi ya kale kwa penseli na karatasi ya keki

Binti mmoja wa miaka tisa alikuwa ananisomea aya ya tatu ya Al-Baqara. Alipofika kwenye neno الصلوة akasoma "as-salawata", wenzake wakaangua kicheko. Nikamwambia, "As-swalaata, mwanangu." Hakubisha. Aliweka kidole juu ya herufi wau (و) akaniuliza, "Sasa hii, Ustadhi, kazi yake nini?"

Mimi ni fundi cherehani. Mchana nipo Mbuyuni, hapa Moshi, nashona na kupunguza nguo za mitumba. Baada ya magharibi nafundisha watoto Majengo. Wau hiyohiyo iliwahi kunipatia fimbo mbili za kiganjani nikiwa na umri kama wa yule binti, na jibu nililopewa lilikuwa "soma ulivyofundishwa". Kwa anayesoma ni jibu sahihi, hata mimi hulitoa watoto wakizidi kelele. Lakini yule binti hakuuliza asomeje. Aliuliza ile wau imefuata nini pale.

Imebaki kutoka Hijazi. Ni sauti ya watu wa Makka na Madina wa karne ya 7, iliyoachwa kwenye maandishi baada ya ndimi kubadilika. Na haiko peke yake. Msahafu ulio kabatini kwako umejaa alama za lahaja hiyo, na kuziona hakuhitaji ujue Kiarabu. Ukiwa umemaliza alifu kwa ujiti, umeshafika. Nitakueleza ninavyowaonyesha vijana wangu wakubwa.

Tafuta msahafu wa chapa ya Madina. Vitabu vya kawaida vya Kiarabu na maandishi ya simu huandika swala kwa alifu, na humo hutaona kitu. Msahafu umehifadhi mwandiko wa zamani. Chukua na karatasi ile nyeupe ya kuokea keki, inayopitisha mwanga, pamoja na penseli laini na kalamu nyekundu. Kisha ukatoe fotokopi ya ukurasa unaotaka kuufanyia kazi. Usifuatishe juu ya msahafu wenyewe. Mimi nilifanya hivyo mara moja kwa msahafu wa msikitini, penseli ikaacha mkwaruzo kwenye ukurasa, na mzee mmoja akaninunia wiki nzima. Alikuwa na haki.

Weka karatasi juu ya fotokopi, fuatisha aya ile ya tatu ya Al-Baqara mpaka neno as-swalaata. Fuatisha herufi na nukta zake tu. Acha fatha, kasra na dhuma. Acha shadda na sukuni. Acha kialifu kidogo kinachoning'inia juu ya herufi. Acha na hamza, ile alama ya kukata pumzi kooni, hata iliyokaa juu ya wau. Hapo ndipo wanafunzi husita, maana wamezoea kuihesabu hamza kuwa herufi. Iache. Nikiletewa koti la mtumba nilipunguze, kwanza nafumua bitana, ndipo naona mkato wa fundi wa kwanza. Hamza ni bitana.

Kilichobaki kwenye karatasi, ukiacha nukta, ndicho wanazuoni wanachokiita rasm, mifupa ya maandishi. Mifupa hiyo inatokana na misahafu iliyoandikwa kwa amri ya khalifa Uthman, aliyetawala kuanzia mwaka 644 hadi 656. Irabu zilikuja baadaye, mwanzoni zikiwa vitone vya rangi. Alama ya hamza tunayoitumia leo inanasibishwa na Al-Khalil bin Ahmad wa Basra, mtu wa karne ya 8; itazame vizuri utaona ni kichwa cha herufi ain kilichokatwa. Ukitaka kuona mifupa isiyo na nyama, tafuta mtandaoni picha za zile karatasi mbili za ngozi zilizopo Birmingham, Uingereza. Ngozi yake ilipimwa kwa kaboni ikaonekana ni ya kati ya mwaka 568 na 645. Zina sehemu za Al-Kahf, Maryam na Twaha, hazina irabu, hazina hamza, na nukta zake ni za kuhesabu.

Sasa rudi kwenye karatasi yako. Neno tunalosoma "yu'minuna" limebaki يومنون. Lisome herufi kwa herufi kama mtoto: yaa, wau, mim, nun, wau, nun. Linatoka "yuuminuuna". Hakuna kukata pumzi kooni. Ndivyo lilivyoandikwa kwa sababu ndivyo lilivyotamkwa.

Hiyo ndiyo alama ya kwanza ya Hijazi na ndiyo rahisi kuliko zote. Watu wa Hijazi waliilegeza hamza. Sibawayhi, yule Mfarsi aliyeandika sarufi kubwa ya kwanza ya Kiarabu huko Basra mwishoni mwa karne ya 8, anaeleza hivyo waziwazi, na anawaweka upande wa pili Tamim, kabila la Najdi, katikati ya Arabuni, na mashariki, ambao waliitamka kikamilifu. Kwa hiyo pale Mtamim aliposema "bi'r" kwa maana ya kisima, Mhijazi alisema "biir". "Dhi'b", mbwamwitu wa kisa cha Yusuf, kwao alikuwa "dhiib". Mwandishi wa Hijazi aliandika alichosikia: wau palipokuwa na uu, yaa palipokuwa na ii. Wasomaji waliokuja baadaye, waliotaka hamza itamkwe, hawakuthubutu kugusa mifupa. Wakaiweka hamza juu ya wau na yaa kama mtu anavyowekwa kwenye kiti. Ndiyo maana leo wanafunzi wanatokwa jasho kukariri kanuni za viti vya hamza. Kiti ni lahaja moja, aliyekikalia ni lahaja nyingine.

Sisi wa Moshi hatuhitaji kuelezwa sana lahaja ni nini. Panda gari la Machame asubuhi na la Rombo jioni. Wote watakuambia wanasema Kichaga, na wakikutana stendi wanapatana bei kwa Kiswahili.

Kwa kalamu nyekundu, zungushia kila kiti cha hamza kwenye ukurasa wako, kisha lisome neno kwa kiti chake bila hamza. Fanya ukurasa mmoja tu, usichoke bure. Ukimaliza, tafuta maneno ambayo hamza haina kiti kabisa, imekaa chini mwishoni: "juz'" iliyoko Al-Hijr aya ya 44, au "dif'" ya An-Nahl aya ya 5. Toa hamza, zinabaki herufi mbili mbili, جز na دف. Mwandishi hakusahau kitu. Sauti haikuwepo mdomoni, basi na mkono wake haukuiandika.

Hapa nakusihi usikimbilie jambo ambalo mimi nilikimbilia. Nilipogundua haya nilianza kupiga hesabu za Kiswahili: sisi tunasema rasi, siyo ra'si, mia, siyo mi'a, muumini, siyo mu'mini, na mwadhini wetu ana wau kama "muwadhdhin" ya Warsh, msomaji wa Kurani nitakayemweleza mbele. Nikawatangazia watu kibarazani kwamba Kiswahili kimerithi lahaja ya Makka ya wakati wa Mtume. Dada mmoja anayefundisha Kiswahili sekondari, aliyekuja kuchukua sketi zake, akaniuliza, "Fundi, Kiswahili kina sauti hiyo ya hamza?" Hakina. Basi neno lolote la Kiarabu, liwe limetoka Yemen, Omani au kwenye kitabu, likiingia kwetu hamza itaanguka tu. Kufanana siyo kurithi. Nilimpunguzia bei ya sketi moja.

Neno la pili kwenye karatasi yako ni lile la binti: الصلوة. Hapa mifupa inasema wau, kialifu kidogo cha juu kinasema aa. Kialifu ni cha wasomaji wa baadaye. Wau ni ya Hijazi, na sauti yake ilikuwa oo, kama o ya "moto" ukiivuta: "as-swalooh". Sibawayhi anaitaja sauti hii nzito na kuinasibisha na watu wa Hijazi, na mifano yake ni swala, zaka na hayati. Katika msahafu utaikuta kwenye maneno machache yanayojirudia: swala, zaka, hayati, riba, mishkati ya An-Nur aya ya 35, najati ya Ghafir aya ya 41, ghadati ya Al-An'am aya ya 52, na Manati, lile sanamu linalotajwa An-Najm aya ya 20. Angalia pia kwamba neno likiungwa na kiambishi wau aghalabu hupotea: "swalaatii" ya Al-An'am aya ya 162 ina alifu ya kawaida.

Manati ndiye ninayempenda zaidi, maana ana shahidi wa nje. Huko Al-Hijr, kaskazini mwa Hijazi, panapoitwa leo Madain Saleh, kuna maandishi ya kaburi la mwanamke aliyeitwa Raqosh, yaliyochongwa mwambani mwaka 267. Yameandikwa kwa herufi za Wanabati, lugha ikiwa Kiarabu kilichochanganyika na Kiarami. Jina la baba yake lina neno Manati ndani yake, na limeandikwa kwa wau. Karibu miaka mia nne kabla ya msahafu wa Uthman, fundi wa kuchonga mawe alisikia sauti ileile akaweka herufi ileile. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilisimamisha cherehani.

Na hapa tunao mtaji ambao wengi hawaujui. Kiarabu cha vitabuni kina irabu za aina tatu tu, a, i na u, fupi na ndefu. Lahaja ya Hijazi ya kale ilikuwa na ndefu tano: aa, ee, ii, oo, uu. Hesabu, irabu za Kiswahili ni ngapi? Mtoto wa Majengo aliyekulia kwenye a, e, i, o, u anaitamka "swalooh" bila kufundishwa mara mbili.

Hiyo ee sasa. Kila aliyepita madrasa anaifahamu, ila hajui kuwa anaifahamu. Fungua Hud aya ya 41, safari ya Nuhu. Kwa kawaida ungesoma "majraahaa", lakini mwalimu alikukazania useme "majreehaa". Katika riwaya ya Hafs, yaani njia ya kusoma Kurani tunayoifuata hapa kwetu, hapo ndipo mahali pekee a inapoinamishwa kuwa e. Wasomaji wengine wanainamisha mamia ya maneno: Hamza (hapa ni jina la mtu, siyo ile alama) na Al-Kisai wa Kufa wanafanya hivyo kwa wingi, Warsh anafika nusu ya njia. Na maneno wanayoyainamisha kwa sehemu kubwa ni yale ambayo mwishoni yana herufi yaa isiyo na nukta: هدى, موسى, الدنيا ikiwa kando kidogo kwa sababu imeandikwa kwa alifu, yaa mbili zisifuatane.

Fanya zoezi hili kwa sura ya Al-Layl. Nakili neno la mwisho la kila aya, aya zote 21, kwa utaratibu uleule wa mifupa. Yote yanaishia na yaa. Hakuna hata moja lenye alifu. Kisha nakili mwisho wa aya za An-Naba kuanzia ya 6: mihaada, awtaada, azwaaja. Alifu tupu mpaka mwisho. Ukisoma kwa Hafs, sura zote mbili zinaishia na aa na sikio halioni tofauti. Lakini macho yanaiona. Mtafiti Marijn van Putten, katika kitabu chake cha mwaka 2022 kuhusu Kiarabu cha Kurani, amejenga hoja yake hapo: vina vya yaa vinakaa na wenzao na vya alifu na wenzao, kwa hiyo zilikuwa sauti mbili, ee na aa.

Kuna mgogoro hapa na sitaki kukuficha. Wanasarufi wa kale wanasema kuinamisha ni tabia ya Tamim na watu wa Najdi, na kwamba watu wa Hijazi walisema aa iliyonyooka. Ukiwafuata wao, yaa zile hazina maelezo mazuri. Mimi naegemea mifupa. Wanasarufi walikuwa wanasikiliza watu wa zama zao, zaidi ya miaka mia baada ya msahafu kuandikwa, na miaka mia inatosha irabu kuhama. Mwenye kuegemea wanasarufi simgombezi, ila namwomba naye achukue penseli aandike zile 21.

Alama zilizobaki ni za sarufi, nitazipitia haraka. Yusuf aya ya 31, wale wanawake wanasema "maa haadhaa basharan", huyu si binadamu. Ile "basharan" yenye fatha ni ya Hijazi. Mtamim angesema "basharun". Hapa ni irabu, haimo kwenye mifupa peke yake, lakini alifu ya mwisho wa بشرا imo, nayo inatosha kuthibitisha. Luqman aya ya 19, "waghdhudh", uipunguze sauti yako: Hijazi waliziacha dhadi mbili zikae mbali, Tamim walizibana pamoja. Al-Maida aya ya 54 inaonyesha mvutano huohuo: sisi kwa Hafs tunasoma "yartadda", Nafi wa Madina anasoma "yartadid", na misahafu ya kale ya Madina, siyo chapa ya leo uliyonayo, ina dali mbili zimeandikwa.

Na "halumma", ya Al-Ahzab aya ya 18, "halumma ilaynaa". Maana yake njooni kwetu. Wanaoitwa ni wengi, lakini neno halina kitu cha kuonyesha wingi. Tamim walikuwa kama sisi, wakiita wengi wanaongeza mwisho: "halummuu", njoo-ni. Mhijazi alimwambia mmoja halumma na akawaambia mia halumma.

Usidhani Hijazi yenyewe ilikuwa kitambaa cha rangi moja. Iko habari kwa Tirmidhi, mkusanyaji wa hadithi, kutoka kwa Az-Zuhri, kwamba waandishi wa Uthman walitofautiana katika neno moja la Al-Baqara aya ya 248, lile sanduku. Zayd bin Thabit, mtu wa Madina, akasema liandikwe "taabuuh" kwa haa. Makuraishi wakasema "taabuut" kwa taa. Uthman akaamua kwa lugha ya Kuraishi, na taa ndiyo iliyopo mpaka leo.

Ukishamaliza karatasi zako, tafuta mtandaoni kisomo kwa riwaya ya Warsh, aya zilezile za mwanzo wa Al-Baqara. Warsh alikuwa mtu wa Misri aliyesoma kwa Nafi wa Madina, naye alifariki mwaka 812. Riwaya yake ndiyo inayosomwa sehemu kubwa ya Afrika Kaskazini na Magharibi. Utasikia "yuuminuuna" bila hamza, kama ulivyoisoma kwenye karatasi ya keki. Mara ya kwanza nilipowasikilizisha vijana wangu, mmoja alisema simu imeharibika. Msomaji mwingine, Ibn Kathir wa Makka, aliyefariki mwaka 738, hata jina la kitabu chenyewe anasoma "Quraan", hamza hakuna. Lakini usiwafanye Warsh au Ibn Kathir kuwa ndiyo Hijazi ya kale yenyewe. "Swalooh" hutaisikia kwa yeyote kati yao. Wamehifadhi vipande, na Warsh anaiacha hamza mahali pengine na kuitamka pengine. Hafs wetu yeye ni wa Kufa, mji wa kambi uliojengwa Iraki mwaka 638 ukakusanya makabila ya kila upande, na riwaya yake ilienea zaidi kwa nguvu ya dola ya Kiosmani na baadaye chapa ya Kairo ya mwaka 1924.

Haya yote ni ya mkekani na penseli. Ukisimama kuswali, soma ulivyopokea kwa mwalimu wako. Kijana wangu mmoja alisahau hilo, akasalisha isha na kuingiza oo yake kwenye "aqiimus-swalaata". Nilikuwa safu ya pili. Baada ya salamu mzee yuleyule wa msahafu alinigeukia mimi, siyo yeye.

Binti wa wau sasa ana miaka kumi na moja na ana karatasi zake mwenyewe, kazikunja ndani ya daftari la hesabu. Juzi alinijia na الربوا, neno riba, amelizungushia wekundu mara mbili. "Wau nimeielewa, Ustadhi. Na hii alifu nyuma yake?" Nikamwonyesha قالوا, nikamwambia mwandishi alizoea kumalizia wau ya mwisho kwa alifu, kama mimi ninavyorudisha mshono nyuma kabla ya kukata uzi. Akaangalia, akatikisa kichwa kidogo, akasema ataenda kuhesabu zilizopo kwenye juzuu nzima aone kama ni kweli.